Ligeuze zulia kabla ya kuamini tai

Wauzaji wa mazulia ya kale ya Kaukasi, nchi za milima kati ya Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi, wanampenda sana ndege tai. Likitandazwa zulia la Chelaberd, lenye maumbo makubwa yanayorusha miali myeupe pande zote, utaambiwa ni "Kazak la tai", Kazak ikiwa ni aina ya zulia la kusini-magharibi mwa Kaukasi. Kwa maoni yangu hapo hapana tai, na zulia lenyewe si Kazak. Ni la Karabakh, eneo jingine la Kaukasi. Wataalamu wengi huliunganisha umbo hilo na mazulia makubwa ya Kaukasi ya karne ya 17 na 18, yaliyojaa maua na majani marefu. Mfumi wa kijijini alichukua pambo moja, akalikuza, akalirudia mara mbili tatu katikati.

Mviringo ukageuka pembe kwa sababu ya fundo. Kwa mafundo 25 hadi 35 hivi katika sentimita 10, mstari hauwezi kupinda, hupanda ngazi.

Ndiyo maana sikubali asili itajwe kwa nakshi peke yake. Nakshi husafiri: binti huolewa mbali, zulia huuzwa, jirani huiga. Mkono wa mfumi haubadiliki upesi hivyo. Geuza zulia. Mtande (nyuzi za urefu) wa sufu, mshindio (nyuzi za kukatiza) mwekundu uliopita mara mbili au zaidi kati ya safu za mafundo, manyoya marefu: hapo fikiria Kazak. Mafundo madogo, manyoya mafupi, mshindio mweupe wa sufu au pamba: elekea Shirvan na Kuba, mashariki mwa Kaukasi. Kuba ndiko kwenye pindo la Kufi, mwandiko wa Kiarabu wa kale wenye pembe, herufi zilizokwisha kuwa pambo tupu. (Aliyezoea Kufi ya msikiti wa Kizimkazi, ya mwaka 1107, asihangaike kulisoma.)

Tazama pia rangi ya kahawia iliyokoza. Ikitiwa chuma hula sufu, ikazama chini ya nyekundu na buluu. Ikiwa imesimama sawasawa kila mahali, uliza kama mafundo yake yamefungwa upya.

Tarehe iliyofumwa ndiyo ninayoiamini kidogo kuliko vyote. Mwaka 1320 wa Hijria ulianza 1902. Ing'oe ٣ (tatu ya Kiarabu) jino moja, inakuwa ٢ (mbili), na zulia limerudi 1220, yaani 1805. Kazi yote ni mafundo machache. Yapanue manyoya ya tarakimu hiyo kwa vidole, uangalie kwa lenzi: sufu ya zamani hufifia nchani na kukolea shinani, ya juzi mara nyingi ina rangi moja juu hadi chini.