Sari Kuukuu na Setilaiti

Siku hizi mtafiti wa tabianchi na afya hupigwa picha mbele ya skrini yenye ramani nyekundu. Sina ugomvi na ramani. Ila mtu akiniuliza kazi hii hufanywaje, namtaja Rita Colwell, mwanasayansi wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1934, na kinachonijia kwanza ni sari kuukuu.

Alipokuwa msichana aliomba ufadhili asomee bakteria, akajibiwa kwamba ufadhili haupotezwi kwa wanawake. Akasomea jenetikia, yaani sayansi ya urithi, kisha akarudi kwa bakteria wake kwa njia ya kuzunguka. Miaka ya 1970, yeye na wenzake wakavikuta viini vya kipindupindu katika Ghuba ya Chesapeake, Marekani, ambako hakukuwa na mlipuko wowote. Wataalamu wengi wakaguna: si tunajua ugonjwa huu huletwa na kinyesi cha binadamu? Yeye akashikilia kuwa vina makao yao majini, vikijibandika kwenye kopepodi, vidudu jamaa za kamba na kaa. Bahari ikipata joto, mimea midogo ya majini hustawi. Kopepodi hula, huzaana, na viini huongezeka navyo. Kuaminiwa kulimgharimu miaka na miaka. Mfadhili wa leo anayedai matokeo kila baada ya miezi kumi na miwili angeshamkimbia.

Baadaye setilaiti zikamsaidia kuoanisha joto la Ghuba ya Bengal na wagonjwa wa Bangladesh. Wengi wangeishia hapo: ripoti, mikutano, tuzo. Colwell akajiuliza swali ambalo nalihesabu kuwa kubwa kuliko yote aliyouliza: kama kiini kimepanda mgongo wa kidudu, si tukichuje kidudu?

Basi kichujio kikawa sari iliyochakaa, ikikunjwa angalau mara nne na kufunikwa mdomoni mwa mtungi. Kuukuu hushinda mpya, maana nyuzi zilizofuliwa mara nyingi hulegea na kuziba matundu. Ukishachota, unaisuuza na kuianika juani. Jaribio lilifanyika katika vijiji 65 vya Matlab, nchini Bangladesh, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kipindupindu kimepungua kwa karibu nusu.

Watafiti waliporudi miaka mitano baadaye, hawakuwa wakimhimiza mtu tena. Wapo akina mama waliowakuta bado wanachuja.