Mtufaha kwenye baridi kali: mizizi ya mti mfupi au ya mti mrefu?

Mtufaha wa shambani ni miti miwili iliyobebeshwa ikawa mmoja. Kikonyo cha juu ndicho kinachotoa aina ya tunda. Shina la chini, lenye mizizi, ndilo linaloamua mti utakuwa mkubwa kiasi gani, utaanza kuzaa lini na mizizi itavumilia vipi udongo ulioganda. Kuhusu shina hilo, wakulima wa nchi za baridi kali wamegawanyika, na kila upande una hoja nzito.

Upande mmoja unatetea mashina yanayofupisha mti, na M.9 ndilo maarufu kuliko yote. Mti wake hufikia takriban theluthi moja ya mtufaha wa kawaida, huanza kuzaa mwaka wa pili au wa tatu, na miti hupandwa kwa nafasi ya mita 1 hadi 1.5 kwenye mstari. Kupogoa na kuvuna hakuhitaji ngazi ndefu. Upande wa pili unatetea miche ya mbegu za Antonovka, tufaha la Urusi. Mizizi yake huenda chini sana, mti husimama bila nguzo na huishi miaka mingi. Ila unahitaji nafasi ya mita 7 hadi 9, na tunda la kwanza linaweza kusubiriwa miaka 6 hadi 10.

Mjadala huu mara nyingi huishia kwenye swali la shina lipi linavumilia nyuzi ngapi chini ya sifuri. Naona swali hilo halitoshi, kwa sababu baridi huua kwa njia tatu tofauti, na shina linaloshinda moja huweza kushindwa na nyingine.

Njia ya kwanza ni udongo kuganda katikati ya majira ya baridi. Mizizi ni dhaifu kuliko matawi: tawi la aina ngumu huvumilia nyuzi 30 chini ya sifuri, lakini mizizi ya M.9 huanza kuumia udongo unaoizunguka unapofika karibu nyuzi 10 chini ya sifuri. Theluji ya sentimita 30 ni blanketi zuri. Chini yake udongo hubaki karibu na sifuri hata hewa ikiwa kali mno. Hatari iko pale upepo unapoifagia theluji, hasa kwenye mchanga mkavu, ambao huganda haraka na kwa kina. Ndiyo maana mashamba mawili yenye joto lilelile kwenye kipimajoto hupata matokeo tofauti kabisa.

Njia ya pili ni baridi ya mapema, kabla mti haujalala. Shina liitwalo MM.106 linajulikana kwa kuendelea kukua hadi vuli, kwa hiyo jalidi la kwanza hukuta gome la chini bado laini. Dalili yake hupotosha: masika mti huchanua na kutoa majani kwa akiba iliyomo kwenye shina, kisha hufa kiangazi. Ukikwangua gome karibu na ardhi utakuta tabaka la ndani limegeuka kahawia. Wengi hulaumu ukame au mbolea, ilhali jeraha lilitokea miezi mingi nyuma. Naitrojeni ya mwishoni mwa kiangazi huzidisha tatizo hilo kwenye shina lolote.

Ya tatu ni joto la siku chache katikati ya baridi. Shina liitwalo Robusta 5 ni gumu mno likiwa limelala, lakini huamka upesi, na baridi ikirudi hulikuta limepoteza kinga. Tabia hiyo ya kuwahi kuamka inajulikana pia kwa mtufaha-mwitu wa Siberia, ambao hufaa mahali baridi yake haikatiki hadi masika.

Kati ya kambi hizo mbili yapo mashina yaliyozalishwa Michurinsk, mji wa Urusi. B.9, lililotokana na shina jingine la M.8, hufupisha mti karibu sawa na M.9, lakini mizizi yake ni migumu zaidi kwa baridi na hustahimili ugonjwa wa kuoza shingo ya mti. Majani yake ni mekundu, kwa hiyo chipukizi linalotoka chini ya kiungo, yaani pale kikonyo kilipoungwa na shina la chini, hutambulika mara moja. Kasoro yake ni kwamba linahitaji nguzo maisha yote, na aina ya tufaha isiyokua kwa kasi, mfano Honeycrisp, hudumaa juu yake, hasa kwenye udongo duni. B.118 hutoa mti mkubwa wenye mizizi imara, ila huchelewa kuzaa kuliko B.9.

Wengine huunganisha faida za pande zote: kipande cha B.9 cha sentimita 15 hadi 20 kati ya mizizi ya Antonovka na kikonyo. Mti hufupika na mizizi hubaki migumu. Gharama yake ni viungo viwili, muda zaidi kitaluni, na maotea ya Antonovka (machipukizi yanayotoka mizizini) ya kukatwa mara kwa mara.

Kwangu, theluji ya uhakika na uwezo wa kuweka nguzo vinatosha kuchagua B.9. Ardhi inayobaki wazi inahitaji B.118 au Antonovka, na hapo M.9 nisingelipanda hata kwa bei nafuu. Lakini hakuna shina la chini litakaloiokoa aina ya juu isiyovumilia baridi. Matawi yake yataungua vilevile.

Wakati wa kupanda, kiungo cha mti mfupi kibaki sentimita 10 hadi 15 juu ya udongo. Kikifukiwa, kikonyo huotesha mizizi yake chenyewe na mti hurefuka. Mwagilia vizuri kabla ardhi haijaganda, kwa kuwa udongo wenye unyevu hupoa polepole kuliko mkavu. Tandaza matandazo ya sentimita 10 hadi 15, ukiyaweka mbali na shina kwa sentimita 20, kwa sababu panya wa shambani hujificha humo na kulitafuna gome lote kulizunguka shina.