Betri Yangu Haikuzima Harusi ya Watu

Kabla hamjaniuliza: ndiyo, yule mwenye kanga kwenye ile video ya harusi iliyozimika umeme ni mimi. Na yule anayecheka nyuma ya simu mpaka picha inatikisika ni mtani wangu, niliyempakia kwenye keria ya baiskeli yangu mwenyewe, nikamkatisha upepo wote wa bahari kutoka Mtwara mjini hadi Mikindani, bure, na kreti la soda mapajani. Shukrani yake ameisambaza kwenye magrupu yote, la korosho, la mpira na la msikiti: "Baba Betri kazima harusi." Na mimi nisikilizwe basi.

Mnaonifuata humu mnaijua baiskeli yangu ya umeme, na mnajua betri yake hailali nje. Nikifika popote naichomoa, naiviringisha kanga ya mama watoto, naingia nayo ndani. Watu wanacheka. Wacheke tu, ila kwenye baiskeli hizi hakuna kifaa ghali kuliko betri. Ukiiacha juani mchana kutwa inazeeka kabla ya siku zake, na kwa pwani hii yetu chumvi ya bahari ikishaingia kwenye zile ncha za kuunganishia inaotesha kutu ya kijani, halafu umeme unaanza kukatakata njiani. Mimi nazifuta kwa kitambaa kikavu, napaka mafuta ya mgando kidogo. Mafuta ya mtoto, ndiyo. Mtoto mwenyewe hajalalamika, analalamika mama yake.

Haya. Jumamosi, harusi ya dada yake mtani. Kwenda tulikwenda vizuri, ila betri yangu si mbichi tena. Ukisimama inakuonyesha vijiti vitatu vya chaji, ukikanyaga kilima vinabaki kimoja, ukisimama tena vitatu vimerudi vinakuchekea. Fundi alishaniambia: betri ikibebeshwa mzigo volti zake hushuka, na ikizeeka zinashuka zaidi. Mzigo mmeshausikia, mtani na soda zake. Tukafika magharibi hata nikisimama kijiti ni kimoja tu, na kurudi mjini lazima ukwee kilima uiache Mikindani chini.

Kwa hiyo niliomba kuchaji. Niliomba kwa adabu, kwa bibi mwenye nyumba, na hilo naomba lishikwe.

"Shikamoo bibi. Naomba pa kuchomeka."

"Marahaba baba. Chomeka tu, simu inakula umeme gani?"

Mtani anasema hapo nilidanganya. Sikudanganya. Bibi alisema simu, mimi nikasema ahsante.

Na mambo yote niliyafuata. Betri iliyotoka kazini ina joto, haichajiwi papo hapo, nikaiacha ipoe wakati nakula pilau. Halafu betri ya lithiamu haichajiwi juu ya godoro, wala karibu na pazia, wala mlangoni ambapo ikileta moto watu hawatoki. Nyumba nzima siku hiyo ilikuwa magodoro ya wageni. Chumba pekee chenye kona ya marumaru tupu ni kile alichokuwa anapambwa bibi harusi. Wanawake wakanipisha, macho yao nayajua mwenyewe. Nikailaza kwenye kona, nikaivua kanga ipumue, nikavuta waya wa ekstensheni mpaka soketi ya sebuleni, feni ya chaja ikaanza kuvuma. Nikatoka kwenda kukaa chini ya turubai na watu wenye akili zao.

Saa nne usiku. Nataka tuende polepole hapa, maana mtani kaenda mbio.

DJ kapunguza muziki. MC kashika maiki: "Wageni waalikwa, naomba wote tusimame, tupige vigelegele, kwa heshima na taadhima, anaingia..."

Giza.

Spika zikakata, mapambo yakazima, friza ikaguna mara moja ikanyamaza. Kigelegele kimoja kilichokuwa kimeshatoka kikaendelea peke yake gizani, halafu nacho kikaona aibu.

Mnajua desturi yetu, kwanza unatazama kwa jirani. Kwa jirani taa zinawaka, na runinga yao inaonyesha mpira. "Basi ni uniti zimeisha," mtu akasema, na hapo akainuka mjomba. Wasomaji wa Kusini hamhitaji maelezo, ila kwa wengine: baba wa bibi harusi yupo, anaheshimiwa, lakini huku kwetu akiinuka mjomba, baba hukaa. Mjomba huyu ni mwalimu mstaafu. Akaenda kwenye mita ya LUKU, akamulika, akarudi.

"Mchana nimeweka uniti kumi," akasema. Hakupaza sauti. Walimu wa zamani hawapazi. "Kumi. Nani kachomeka nini?"

Nilikuwa nimeshika soda, fundo moja mdomoni. Sikulimeza, sikulitema. Nikajiambia tulia, kwenye giza hili nani atajua?

Sasa kuna jambo nililisahau kuhusu chaja yangu. Umeme wa ukutani ukikatika ilhali betri imechomekwa, kile kijitaa chake hakizimi. Kinageuza, kinanyonya umeme kutoka kwenye betri yenyewe, na kinawaka kijani. Nyumba nzima nyeusi ti, na dirishani kwa bibi harusi kumekaa kinukta cha kijani, kinang'aa kwa raha zake zote.

Pazia likafunguka. Bibi harusi mwenyewe, shela imemwangukia upande, akaita: "Mjomba! Huku kuna kitu kina jicho!"

Tochi za simu zikawashwa, zaidi ya nilivyodhani kuna simu Mikindani. Mjomba akauona waya pale sebuleni. Hakuung'oa. Aliufuata. Akaanzia kwenye soketi, akapita nao chini ya kabati la vyombo, akamwomba shangazi ainue mguu, shangazi akainua, wakapita nao pembeni ya mikeka, watoto mbele, wazee nyuma, kimya, kama wanafuata nyayo za mwizi wa korosho. Na mimi kwenye msafara. Msiniulize kwa nini. Kubaki nyuma peke yangu kungeonekana.

Wakafika konani. Na pale, ndugu zangu, mtu mwenye huruma (namshuku bibi) alikuwa ameifunika tena betri yangu kwa kanga. Vizuri kabisa, mpaka shingoni. Imelala kwenye marumaru, kamba inatokea chini, kijitaa pembeni. Mjomba akainama, akamulika, akasoma jina la kanga kwa sauti ya darasani:

"Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Hakuna aliyecheka. Bado.

"Ya nani hii?"

Nilishaufungua mdomo, soda ikanipalia, na mtani akaniwahi: "Mtoto wake huyo, mjomba."

Basi. Kicheko kilichotoka pale, hata kwa jirani waliacha mpira wakaja ukutani. Mimi, badala ya kuomba radhi nikanunua umeme yakaisha, nikaiokota kanga, nikajifuta soda kidevuni, nikaanza kutoa somo. Ndiyo video mnayoiona. Sauti haisikiki vizuri kwa hiyo nawaandikia, maana hesabu yenyewe ni sahihi na mpaka leo hakuna aliyeipinga:

"Mjomba, betri hii ni volti 48, ampea-saa 13. Zidisha, unapata wati-saa 624. Uniti moja ni wati-saa 1,000. Hata ningeijaza kutoka sifuri isingemaliza uniti moja! Chaja inavuta kama wati 120, nimechomeka tangu saa mbili, ni robo ya uniti. Robo, mjomba! Uniti zako kumi zingeijaza betri hii zaidi ya mara kumi. Tuiulize ile pasi iliyonyoosha shela, ile ni wati elfu moja na ushee, saa yake moja ni saa zangu nane. Tuulize friza. Tuulize zile spika."

Kimya. Mjomba akanitazama kwa muda ambao kwenye video ni mfupi, lakini mimi nilikuwepo.

"Kwa hiyo, kijana, harusi imezimwa na harusi?"

"Ndiyo, mjomba."

Niliitika! Kwa heshima kabisa, na kanga begani!

Bibi naye akasogea. "Mjukuu wangu, si ulisema simu?"

"Hapana bibi, simu ulisema wewe."

Jamani. Kumbishia bibi, nyumbani kwake, mbele ya bibi harusi mwenye shela, juu ya umeme wake. Nilizomewa na watu ambao bado nawadai hela ya mchango. Mtani anaandika kwamba bibi harusi alilia. Uongo. Alicheka mpaka wanja ukamchuruzika, wakaanza kumpamba upya, na hilo nalo nikaandikiwa mimi.

Mjomba akamalizia, taratibu: "Livingstone alianzia safari hapa hapa Mikindani, mwaka 1866. Alikuja na ngamia, akaja na nyati. Hakuomba soketi kwa mtu."

Yaliyobaki ni mafupi. Nililipa umeme kwa simu, tarakimu 20 zikaja, mjomba anaingiza mimi nasoma, akakosea, tukarudia, taa zikawaka, bibi harusi akaingia, keki ikaliwa. Kuchaji hakukuendelea, sikuthubutu hata kuuliza. Betri ikanifikisha katikati ya kilima ikajizima yenyewe kujilinda, nikasukuma chuma chote kile kwa miguu. Mtani alirudi na bodaboda. Alinipungia mkono.

Sasa shida yangu si video. Chaja kabaki nayo mjomba. Anasema hana kinyongo, ila Ijumaa nirudi nimfundishe bibi hesabu ya uniti mchana kweupe, na nije na daftari. Na betri ya lithiamu ikikaa tupu siku nyingi volti zake zinaendelea kushuka mpaka haipokei tena chaji, ndiyo maana naandika huku najua mtanicheka. Aliyepo Shangani, Chuno au Magomeni mwenye chaja ya volti 54.6 aniazime mpaka Ijumaa, kichwa chake ni cha duara. Ya volti 42 msiniletee, hiyo ni ya betri za volti 36 na haitaijaza. Na mtani asitumwe kuileta.