Shefu wa Mauzo, Hakimu wa Unga

Jamani, mtu akikuambia amepandishwa cheo kuwa shefu wa mauzo, mpe pole. Sisi tunauza unga wa mahindi hapa Lubumbashi. Unga! Mji mzima unakula bukari (ugali wetu) mchana na usiku, lakini kila Jumatatu vijana wangu wananiletea ripoti: "Shefu, mteja bado anafikiria." Anafikiria nini? Ale au asile?

Malori yakikwama Kasumbalesa, mpakani na Zambia, unga ukaadimika, wamama wa maduka wenyewe wanawapigia vijana simu hadi usiku wa manane. Mwezi huo kila mtu kapita lengo, kila mtu bingwa, kila mtu anadai nyongeza. Malori yakianza kupita, eti bosi kaweka lengo kubwa mno.

Mpango wa bosi ulipendeza kwenye karatasi: kila muuzaji na komini yake, yaani sehemu yake ya mji. Mmoja Kenya (hii ya kwetu, si ile ya Nairobi), mwingine Katuba, na kamisheni analipwa akishaandika oda. Akishaandika! Basi waliandika. Mifuko ya kilo 25 ikatoka kwa deni, mingine kwa watu wasio hata na kibanda. Wao wamekula kamisheni, mimi ndiye nazunguka na daftari kubisha milango, na watoto wameshafundishwa: "Mama ameenda kwenye kilio." Kilio gani hicho, tangu Pasaka?

Nikabadilisha: kamisheni pesa ikiingia. Ghafla wote wanaumwa mgongo.

Halafu kuna mama mmoja, duka lake liko mpakani mwa Kenya na Katuba. Huyo ndiye shefu wa kweli. Asubuhi anachukua mifuko kwa wa Kenya, kwa jina lake. Jioni anachukua kwa wa Katuba, kwa jina la mumewe. Mama anamwambia kila mmoja, "Mwenzako amenipunguzia," naye mpumbavu anapunguza! Wakifika ofisini wanataka kushikana mashati: mteja wangu, mteja wangu. Tena mmoja ni shabiki wa Mazembe, mwingine wa Lupopo, timu mbili za mpira za mji huu. Baada ya mechi yao hata salamu hakuna. Karatasi za oda wanapitishiana kwa mlinzi.

Namwuliza wa Mazembe, mbona umefika nusu tu ya lengo? Bila aibu: "Shefu, 2010 Mazembe ilifika fainali ya dunia ya klabu, Inter wakatupiga 3-0, na bado tuliwashangilia. Mimi je?" Wa Lupopo akacheka mpaka akakaa chini, akasahau kwamba yeye hata hiyo nusu hajaiona.

Nikakata kesi: kamisheni ya yule mama, nusu kwa nusu. Na deni lake pia, nusu kwa nusu. Wakanyamaza. Wakatazamana. Kesho yake wakapanda pikipiki moja kwenda kunishtaki kwa bosi.

Bosi akanipigia: "Shefu, hongera. Naona vijana wako sasa wanaelewana."