Zima ya nyuma, iache ya mbele: ABS na pikipiki ya umeme kwenye njia za vumbi

Anayeteremka mlima wa changarawe kwa pikipiki yenye ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge, yaani yasiache kuzunguka, unapobana breki kwa nguvu) hukutana mapema au baadaye na dakika moja mbaya. Anabana breki, na chombo hakisimami. Mkono wa breki unadundadunda kiganjani, tairi linaendelea kuzunguka, na kona inasogea. Breki ni nzima kabisa. ABS imeona gurudumu linataka kujifunga, ikalegeza. Likataka tena, ikalegeza tena. Kwa hesabu zake haijakosea popote, ila hesabu hizo zilipigwa kwa ajili ya lami.

Ndiyo maana wanaopeleka pikipiki za umeme porini hubishana kuhusu kuizima. Nami nina upande, ila upande wangu una masharti.

Kwanza tuipe ABS haki yake. Kila gurudumu lina sensa inayohesabu mzunguko. Gurudumu likipunguza kasi ghafla kupita kiasi, vali hufunguka na kupunguza shinikizo la mafuta ya breki, kisha hulirudisha, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Kwenye lami hilo limeokoa watu. Taasisi ya usalama barabarani ya bima za Marekani, IIHS, ilikuta pikipiki zenye ABS zinahusika katika ajali za vifo kwa kiwango cha chini kwa asilimia 22 kuliko pikipiki za aina ileile zisizo nayo. Utafiti wa Ulaya wa mwaka 2015 ulikuta ajali zenye majeruhi zimepungua kwa asilimia 24 Italia, 29 Hispania na 34 Sweden. Anayesema ABS ni urembo wa kupandishia bei hajazisoma takwimu hizi.

Lakini takwimu hizo zinahesabu ajali za barabara za kawaida, na changarawe ina tabia yake. Tairi likijifunga juu ya kokoto huzichota na kuzirundika mbele yake, na rundo hilo hugeuka kabari inayozuia chombo. Kwenye mchanga mkavu ni vivyo hivyo. ABS hairuhusu kabari ijengeke, kwa sababu kila tairi linapoanza kuchimba huachiwa. Halafu kuna yale makunyanzi ya barabara za vumbi, yanayotikisa mpaka meno. Tairi likirushwa juu kidogo hukosa uzito, breki hulisimamisha papo hapo, na kompyuta hudhani liko kwenye utelezi. Linatua, na breki imekwisha kulegezwa. Chukua barabara ya vumbi kati ya Lushoto na Mtae wakati wa kiangazi utaelewa upesi kwa nini mtu atamani swichi.

Rudi huko mvua ikinyesha, hoja inageuka. Udongo mwekundu uliolowa hauna kokoto za kurundika. Tairi lililojifunga huteleza juu yake kama sabuni. Hapo kuzima ABS hakukupi kabari, kunakupa anguko tu. Wanaoimba kwamba porini ABS haina kazi wengi wao husema habari za kiangazi.

Na bado swali lenyewe huulizwa vibaya, kana kwamba pikipiki ina breki moja. Gurudumu la nyuma likijifunga, mkia unaserereka. Mwendeshaji aliyezoea hulifanya makusudi ili kuigeuza pikipiki kwenye kona finyu, na hata asiyezoea huwa na muda wa kuachia kanyagio. Gurudumu la mbele likijifunga kwenye changarawe, usukani hauna tena kinachouongoza, na kuanguka huja kabla ya wazo la kuachia halijafika vidoleni. Ndiyo maana kampuni nyingi za pikipiki za safari zimeweka hali ya njia mbovu inayozima ABS ya nyuma na kuiacha ya mbele ikiwa hai, ila isiyo nyepesi kushtuka. Kwa watu wengi, nadhani, hapo ndipo pa kuishia. Kuzima zote mbili namwachia anayeweza kulihisi tairi la mbele kwa vidole viwili, na watu hao ni wachache kuliko wanaojihesabu humo.

Sheria ya Ulaya nayo, bila kusema sana, imekubali kwamba porini mambo ni tofauti. Kanuni namba 168 ya mwaka 2013 ilizilazimisha pikipiki mpya kubwa ziwe na ABS, ikianza na aina mpya mwaka 2016 kisha zote mpya mwaka 2017. Pikipiki za enduro, zile nyepesi zilizoundwa kwa ajili ya porini, zikasamehewa, ila kwa vipimo: kiti kisiwe chini ya milimita 900, uzito usizidi kilo 140, na pasiwe na nafasi ya abiria. Hapo kwenye uzito ndipo pikipiki za umeme zinapokwama. Betri ni nzito. Zero DSR/X, iliyotoka mwaka 2022 na kuuzwa kama pikipiki ya safari ya lami na vumbi, ina kilo zipatazo 247. Chombo cha uzito huo kikianza kuserereka mteremkoni hakishikiki kwa mguu. Kwa hiyo mwenye DSR/X anaposema "wenzetu wa enduro hawana ABS kabisa, kwa nini mimi?", jibu liko kwenye mizani.

Kuna jambo lingine ambalo uzoefu wa petroli hautuandai nalo. Pikipiki nyingi za umeme hazina klachi. Kwenye petroli, ukifunga tairi la nyuma bila kubana klachi, injini inazimika katikati ya mteremko. Kwenye umeme hakuna cha kuzimika. Unafunga, unaserereka, unaachia, unaendelea. Kwa anayependa kugeuza mkia hii ni neema, na inaipa uzito hoja ya kuzima ABS ya nyuma.

Upande wa pili ni breki ya mota. Ukiachia mkono wa mafuta (jina limebaki ingawa mafuta hayapo), mota hugeuka jenereta, ikairudishia betri umeme na kulizuia gurudumu la nyuma. ABS ya kawaida hulegeza shinikizo la mafuta ya breki tu. Haina amri juu ya mota mpaka kompyuta zao ziwe zimeunganishwa. Kwa hiyo unaweza kuacha ABS ikiwaka na tairi la nyuma bado likaburuzwa na mota kwenye kokoto. Anayepanga kuzima ABS angeanza kwa kupunguza nguvu ya kurudisha umeme, ili mguu wake ndio uamue ni kiasi gani gurudumu la nyuma lizuiwe.

Na asisahau hali ya betri. Betri iliyojaa haina pa kuweka umeme unaorudishwa, hivyo breki ya mota hupungua sana au hupotea. Ukilala juu mlimani, ukachaji usiku kucha, asubuhi ukateremka na betri imejaa pomoni, pikipiki yako haitakuwa na mzuio ule ulioupanda nao jana. Kazi yote inahamia kwenye diski. Asubuhi kama hiyo mimi ningeteremka kilomita za mwanzo ABS ikiwa inawaka, hata ya nyuma, mpaka mkono uzoee.

Mabishano haya, niseme wazi, ni ya wenye nacho. Bodaboda nyingi za umeme zinazozunguka Nairobi na Kigali hazina ABS ya kuzima, na madereva wake wanateremka vilima vyenye matope kwa breki walizonazo na abiria mgongoni.

Namna ya kuzima ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Kitufe ni jambo moja. Kung'oa fyuzi ni jingine. Kwenye pikipiki za karibuni sensa zilezile za magurudumu hutumiwa pia na mfumo wa kuzuia tairi kuzunguka ovyo wakati wa kuongeza mwendo. Ukikata umeme wa ABS kwa kung'oa fyuzi umeondoa zaidi ya ulichokusudia, taa ya onyo inabaki inawaka, na ukifika lami huna pa kubonyeza ili ABS irudi. Ya mbele nayo imekwenda pamoja na ya nyuma.

Malalamiko makubwa ya wanaotumia kitufe ni kwamba kwenye pikipiki nyingi, ukizima na kuwasha ufunguo, ABS inarudi yenyewe. Umesimama kupiga picha, umewasha, umesahau, na kwenye mteremko unaofuata mkono wa breki unaanza kudunda. Inaudhi, kweli. Lakini wapime wasahaulifu wawili. Aliyesahau kuizima atapitiliza kona ya vumbi akiwa na kilomita 30 kwa saa, na huenda akaishia kwenye migomba ya mtu. Aliyesahau kuiwasha anaingia lami yenye mvua, jioni, malori mbele yake. Kama ni mimi ninayechora kitufe hicho, ningekiacha kisahau vilevile, ila ningekitenga: kimoja cha nyuma, cha kubonyeza mara moja hata pikipiki ikiwa kwenye mwendo, na kimoja cha mbele, kinachokulazimisha usimame kwanza.