Kukodi trela la kulala kwa mwenyewe: bei isikudanganye

Familia inayotaka kusafiri bila kulala hotelini ikifikia hatua ya kukodi trela la kulala, yale yenye vitanda, jiko na choo ndani, hukutana na njia mbili: kampuni, au mtu binafsi ambaye lake hukaa uani sehemu kubwa ya mwaka. Njia hii ya pili imepanuka tangu majukwaa ya mtandaoni yanayowakutanisha wenye matrela na wanaotaka kukodi, kama RVshare na Outdoorsy, yaanze kufanya kazi Marekani katika muongo wa 2010, na wanaoipigia debe huanza na bei. Kwangu mimi, bei ndiyo hoja yao dhaifu.

Ni kweli kwamba mtu binafsi hana ofisi wala wafanyakazi wa kulipa. Lakini weka ada ya jukwaa, bima ya kila siku na gharama ya usafi, uone unafuu unavyoyeyuka. Hoja yenye uzito ni nyingine: trela la mtu huja na sufuria, viti vya nje, mpira wa maji, na mwenyewe ambaye amelala humo. Huyo atakuambia mlango upi unagoma kufunga na friji inachukua muda gani kupoa. Anayekukabidhi funguo kwenye kampuni huenda hajawahi kulala humo hata usiku mmoja.

Sasa upande wa pili, na hapa ndipo watu huumia. Bima binafsi ya mwenye trela mara nyingi haimlindi akilikodisha kwa malipo. Bima ya gari lako nayo, hata ikigharamia madhara utakayomsababishia mtu mwingine barabarani, si ajabu isiguse uharibifu wa trela lenyewe. Mkikubaliana pembeni ili kukwepa ada ya jukwaa, mnaweza kujikuta nyote wawili hamna bima, na hamtajua hadi siku ya ajali. Ile ada inayolalamikiwa kila mahali, mara nyingi ndiyo mlango wa kuipata bima ya jukwaa. Anayekushawishi muikwepe anakupunguzia senti na kukubebesha mzigo wote.

Halafu kuna uzito. Tangazo litakuambia gari lako "linaweza kuvuta" kilo kadhaa, na wengi huishia hapo. Kwa matrela ya aina ya Marekani, kanuni ni kwamba asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela ikae juu ya kiungo cha nyuma ya gari; ikipungua, trela huanza kuyumba kwenye mwendo. Kwa hiyo trela la kilo 2,000 linalaza kilo 200 hadi 300 kwenye mkia wa gari, na kilo hizo huhesabiwa pamoja na abiria na mabegi. Gari lenye uwezo wa kubeba kilo 500 likipakia watu wazima wanne, limeshajaa kabla hujaweka hata chakula. Zaidi ya hapo, matrela mengi ya Marekani yana breki za umeme, na hizo hazifanyi kazi inavyotakiwa bila kifaa cha kuziongoza kilichofungwa karibu na dereva. Mwenyewe anacho kwenye gari lake. Wewe je?

Kuhusu hali ya trela, picha hazisaidii sana. Bonyeza ukuta kwa kidole gumba kwenye pembe za juu na chini ya madirisha: ukibonyea, maji yameshaingia kwenye mbao. Ubavuni mwa tairi tafuta tarakimu nne za mwisho za msimbo unaoanza na herufi DOT. 2318 maana yake ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2018. Tairi za trela huzeeka kwa jua na kusimama, hivyo kashata zinaweza kuonekana mpya kumbe mpira umechoka.

Mwenye mali naye ana haki ya kuwa na wasiwasi. Mpangaji akisahau turubai la kivuli limefunguliwa usiku, upepo mmoja tu unakunja mikono yake, na hapo ugomvi wa dhamana huanza. Video iliyopigwa mkiwa wote wawili, siku ya kuchukua na siku ya kurudisha, huumaliza mapema kuliko mkataba wa kurasa kumi.

Kwa anayekodi mara ya kwanza, ningechagua mtu binafsi kwa sharti moja: alilete mwenyewe hadi kambini, alisawazishe, aunganishe maji na umeme, kisha aje kulichukua. Utalipia usafiri huo, lakini suala zima la uzito, breki na kuyumba linabaki kwake na gari lake analolijua. Mpango huu haumfai anayetaka kuhama kila siku mbili. Huyo, kama hajawahi kuvuta trela, aende kwenye kampuni inayokodisha gari lenye malazi ndani yake, asivute kitu chochote.