Tovuti ya kanisa ipangwe kwa ajili ya mgeni

Jumamosi moja usiku nilikuwa ugenini, natafuta pa kusali kesho yake. Nikafungua tovuti ya kanisa lililokuwa karibu. Picha kubwa ya jengo ilishuka taratibu, ikafuata salamu ndefu ya mchungaji, kisha historia, kisha kamati zote na wajumbe wake. Saa ya ibada niliikuta kwenye bango la Pasaka, tena Pasaka ya miaka miwili nyuma. Sikwenda.

Naona kosa huanzia kikaoni. Wanaokaa kupanga tovuti wote ni wenyeji. Hakuna anayehitaji kuelekezwa mlango. Kila idara inadai ukurasa wake, na mgeni hana wa kumsemea. Mimi ningeanza na maswali yake. Ibada ni saa ngapi, na kwa lugha gani? Watoto watakaa wapi? Mama yangu anayetumia kiti cha magurudumu ataingilia wapi? Nimpigie nani? Majibu yakae juu kabisa, yasomeke kwenye simu, na yawe maandishi ya kawaida. Yakifichwa ndani ya picha ya bango, programu inayomsomea asiyeona mara nyingi huyapita kimya.

Mahubiri yawekwe pia kwa sauti. Saa nzima ya sauti iliyorekodiwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde, kiwango kinachotosha kwa mtu anayezungumza, ni takriban megabaiti 29, ilhali video hula mamia. Mgonjwa aliye kitandani na bando dogo ataweza kusikiliza. Picha za watoto zisipande bila ruhusa ya wazazi.

Kuna jambo linaloniuma zaidi. Jina la tovuti, yaani anwani yake mtandaoni, hulipiwa kwa kipindi, mara nyingi mwaka mmoja mmoja. Likisajiliwa kwa barua pepe ya kijana aliyejitolea, siku akihama taarifa za malipo zinamfuata yeye, na kanisa linashtukia tovuti imezimika. Lisajiliwe kwa jina la kanisa, na nywila ziwe kwa watu wawili angalau.

Halafu, kabla ya kubishania rangi na nembo, atajwe mtu wa kubadilisha ratiba. Pasaka ya makanisa ya Magharibi huhama kila mwaka kati ya Machi 22 na Aprili 25, na ratiba huhama nayo. Asipopatikana mtu huyo, ukurasa mmoja wenye siku na saa ya ibada ya kawaida, ramani na namba ya simu unatosha.